Mboga za uani Maskati: mwongozo kamili wa bustani inayoanza Septemba

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kalenda. Nimekulia Unguja, na huko masika yakikaribia mtu hasubiri kushauriwa: Machi unatifua, unapanda, mvua inamaliza kazi. Mwaka wangu wa kwanza Maskati nikafanya vivyo hivyo. Machi nikatia miche ishirini na minne ya nyanya nyuma ya nyumba. Ikashika, ikarefuka, Aprili ikatoa maua ya manjano tele. Mei maua yakaanza kudondoka moja moja kama vifungo vya shati kuukuu, na Juni nilikuwa nang'oa vijiti vikavu. Nilivuna nyanya moja, nayo imebabuka upande.

Mzee mmoja jirani, ambaye naye kazaliwa Unguja, alipoona vile vijiti akaniuliza kama nimesahau majahazi yalikuwa yakisafiri lini. Nikaelewa. Majahazi yaliondoka pwani hii na upepo wa kaskazi kuelekea Zanzibar, yakarudi na upepo wa kusi. Basi jahazi linapotweka kwenda kwetu ndipo Maskati panapopoa, na linaporudi ndipo moto unapowaka. Tangu siku hiyo sijapanda nyanya Machi.

Tazama hesabu yenyewe. Januari, joto la mchana Maskati ni nyuzi 25 hivi na la usiku 17. Juni, mchana hufika 40 na zaidi, na usiku mwingi hata 30 haishuki. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100, ilhali Unguja hupata zaidi ya 1,500. Na hizo 100 zenyewe zaweza kumwagika zote kwa siku mbili tatu za mafuriko ya wadi, yale mabonde makavu, kisha basi. Kwa hiyo msimu wa kulima ni Septemba hadi Aprili. Mei hadi Agosti, ndicho kiangazi cha huku, shamba linalala, kama linavyolala la Ulaya wakati wa theluji, ila la huku linalazwa na jua.

Ninayoeleza hapa ni ya Maskati, Sib, Barka na ukanda wa pwani wa Batinah. Salalah ina mambo yake: huko kiangazi huleta kharifu, msimu wa manyunyu, na minazi, ndizi na mapapai huota kama Pemba. Jabal Akhdar nako ni juu, karibu mita 2,000, ni nchi ya mawaridi na makomamanga. Wa huko wasinifuate mimi.

Kabla ya jembe, kivuli

Ukienda Nizwa, ingia kwenye mashamba ya zamani yanayonyweshwa na falaj, yaani mfereji wa kale wa maji. Juu kuna mitende. Chini ya mitende kuna ndimu, maembe, ndizi. Chini kabisa kuna majani ya mifugo na vitunguu. Watu hawa hawakupanga hivyo kwa urembo. Mtende unavunja ukali wa jua, na kila kilicho chini yake kinaishi kwa hisani yake. Wewe uani huna mitende ya miaka arobaini, kwa hiyo utaanza na neti.

Mwezi Agosti, kabla hujagusa udongo, toka nje asubuhi, adhuhuri na alasiri uone jua linapita wapi. Unatafuta mahali panapopata jua tangu linapochomoza hadi kama saa saba mchana, kisha nyumba au ukuta ulipige kivuli. Epuka eneo lililo mbele ya ukuta wa simenti unaotazama magharibi. Ukuta huo hunywa moto mchana kutwa na kuutapika usiku kucha, na mche uliosimama mbele yake haupumziki.

Simamisha nguzo za bomba la chuma, urefu wa mita mbili na kidogo, utandaze neti ya kivuli ya asilimia 50, yaani inayozuia nusu ya mwanga. Pande uziache wazi, hewa ipite. Ile neti nyeusi nzito ya asilimia 80 wanayofunikia magari usiitumie; mboga chini yake hurefuka kwa kutafuta mwanga na kulala chini zenyewe. Neti iwe ya kufungua na kufunga, kwa sababu Novemba utaitoa kabisa na Aprili utairudisha. Nguzo zichimbie vizuri. Kimbunga Shaheen kilipiga Batinah tarehe 3 Oktoba 2021, wakati ambao bustani nyingi ndiyo kwanza zina miche michanga, na hata mwaka usio na kimbunga kuna siku za upepo mkavu kutoka jangwani wanaouita gharbi, ambao huweza kukausha miche yote kati ya adhuhuri na magharibi.

Udongo: chimba chini, usiinue juu

Uwanja wa nyumba mpya Maskati mara nyingi si udongo. Ni changarawe, mchanga, chokaa na mabaki ya ujenzi. Toa mawe na vipande vya simenti hadi kina cha sentimita 30. Halafu fanya jaribio dogo: jaza shimo maji, yaache yazame, jaza tena. Mara ya pili yakikaa zaidi ya saa nne, chini kuna tabaka gumu na lazima ulivunje kwa sururu, la sivyo chumvi haitapata pa kutokea.

Vitabu vingi vya bustani, hasa vya nchi za mvua, hufundisha matuta yaliyoinuliwa. Hapa tuta lililoinuliwa hukauka pande zote na kupata moto pande zote. Tengeneza majaluba: vitalu vilivyozama kidogo chini ya usawa wa uwanja, vyenye kingo za udongo, upana wa mita moja na robo ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Urefu ni upendavyo. Langu ni la mita tatu, na manne ya namna hiyo yanatosha nyumba ya watu sita kwa mboga za majani.

Kila mita ya mraba ichanganyie ndoo mbili za lita 20 za mboji au samadi iliyooza. Nasisitiza iliyooza. Nilishawahi kununua magunia ya samadi ya mbuzi niliyoambiwa ni ya mwaka jana. Nikaitia, na baada ya wiki miche ilikuwa imeungua kingo za majani kama iliyopitishwa motoni. Samadi mbichi ina moto wake na ina chumvi, na chumvi tunayo ya kutosha. Siku hizi najaribu kwanza: konzi mbili ndani ya mfuko wa plastiki, nalowanisha, nafunga, naweka ndani ya nyumba siku tatu. Nikifungua nikakuta ina joto au inanuka zizi, nairudisha kwenye shimo miezi miwili. Nikikuta inanuka kama msitu baada ya mvua, nailaza shambani.

Mboji yako mwenyewe ifanye ndani ya shimo la kina cha sentimita 60, kivulini, ukifunika kwa makuti. Chungu ya mboji juu ya ardhi hapa hugeuka makumbi makavu badala ya kuoza. Maganda ya mboga, makapi ya kahawa, majani ya muarobaini yaliyodondoka, vyote tia. Kokwa za tende ziweke kando: haziozi, zinachipua, na utakuja kung'oa mitende katikati ya kotmiri.

Ukishachanganya, mwagilia jaluba kwa wingi mara mbili, siku mbili mbali mbali, kabla ya kupanda. Lengo ni kusukuma chumvi chini. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, hiyo ni chumvi iliyopanda na mvuke. Ikwangue uitupe nje, usiifukie.

Jambo jingine la udongo huu ni chokaa. Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, mmea hauoni njaa ya samadi. Chuma kipo udongoni lakini kimefungwa na chokaa. Ukienda duka la pembejeo ulizia chuma cha EDDHA, unga mwekundu mweusi unaoyeyuka katika maji. Aina nyingine za chuma ni rahisi zaidi lakini kwenye udongo wa chokaa hazidumu. Ndimu ndiyo hulia mapema kuliko wote.

Maji

Katika nchi hii maji yamekuwa yakigawanywa kwa saa kwa karne nyingi. Kwenye falaj, mtu hamiliki mto, anamiliki zamu. Mifereji mitano ya aina hiyo, ukiwemo Falaj Daris wa Nizwa, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Sisi wa mjini tuna bomba, na maji yake mengi ni ya bahari yaliyosafishwa chumvi. Kwa bustani ni maji mazuri, ila yana bei. Mwenye kisima Batinah aonje maji yake kwanza: visima vingi vya karibu na pwani vimeingiwa na bahari kwa sababu ya kupampu kupita kiasi. Yakiwa na ladha ya chumvi mdomoni, maharage na karoti usijisumbue. Bitiruti, spinachi na mtende vitavumilia.

Kuna maji ya bure ambayo watu wanayamwaga: ya kiyoyozi. Miezi ya unyevunyevu, kiyoyozi kimoja huweza kutoa ndoo nzima na zaidi kwa siku, nayo hayana chumvi hata chembe. Si ya kunywa, lakini mimi nayaelekeza kwenye pipa na ndiyo yanayoiweka hai mimea ya vyungu kiangazi kizima.

Angalia na tangi la juu ya paa. Anayeishi huku anajua kwamba Julai bomba la baridi ndilo la moto. Watu huzima hita ili wapate maji ya kuogea yaliyopoa humo. Sasa fikiria maji hayo yakienda moja kwa moja kwenye mizizi. Mpira ulioachwa juani nao una chai ndani yake. Fungua bomba, weka mkono, subiri yapoe, ndipo umwagilie. Afadhali zaidi ni kumwagilia alfajiri, ukitoka kusali, wakati tangi limepoa na mmea unajiandaa kwa siku. Jioni naiacha, kwa sababu majani ya matango yakilala na unyevu huvaa ukungu mweupe.

Umwagiliaji wa matone ndio unaofaa. Tandaza mipira yenye matundu kila sentimita 30, kila tundu likitoa lita 2 kwa saa, kisha ifunike kwa matandazo. Mahitaji ya jaluba katika baridi ni kama lita 3 hadi 4 kwa mita ya mraba kwa siku. Kiangazi hupanda hadi 8, hata 10. Wakati wa baridi simwagilii kila siku. Natia ya siku mbili au tatu kwa mkupuo, mizizi iyafuate chini. Kipimo changu ni kidole: kikiingia hadi fundo la pili na kukuta ubichi, nafunga bomba. Na kila baada ya wiki mbili naliacha bomba wazi mara mbili ya kawaida, ili chumvi iliyokusanyika ishuke.

Matandazo yawe mazito, sentimita 7 hadi 10. Makuti ya mtende yaliyokatwakatwa ni bora, na ukiuliza wanaopogoa mitende ya mtaani watakuletea bure. Udongo mtupu kiangazi hupita nyuzi 50 juu yake. Chini ya matandazo mkono unakaa bila kuungua.

Mwaka unavyokwenda

Katikati ya Agosti sia nyanya, bilingani na pilipili kwenye trei. Nje bado kunawaka, kwa hiyo trei naziweka ndani ya chumba chenye kiyoyozi hadi mbegu zichomoze, kisha siku hiyo hiyo nazitoa chini ya neti. Ukichelewa kuzitoa, miche inakuwa mirefu na myembamba kama uzi. Mbegu zenyewe zihifadhi ndani ya friji mwaka mzima. Kabati la jikoni huku linaziua.

Mwisho wa Septemba pandikiza nyanya, baada ya alasiri, chini ya neti. Nyanya ya kuwahi ndiyo siri ya msimu mzima, kwa sababu ua la nyanya hushika tunda usiku unapokuwa wa nyuzi 15 hadi 21 hivi. Usiku ukibaki juu ya 24, chavua inakufa na ua linaanguka. Dirisha hilo Maskati hufunguka karibu na Novemba na kuanza kufungika Aprili. Anayepandikiza Desemba anakula muda mfupi. Anayepandikiza Septemba anakula tangu Desemba hadi watoto wanapochoka na nyanya.

Oktoba ni mwezi wa kukimbizana: kabichi, karoti, figili, bitiruti, matango, maharage ya kijani. Karoti na bitiruti zisie papo hapo, hazipendi kuhamishwa. Novemba toa neti, utie kotmiri, saladi, spinachi na miche ya vitunguu. Saladi ukiisia Septemba udongo ukiwa juu ya nyuzi 30 mbegu hulala tu, na wengi hudhani wameuziwa mbegu mbovu. Kotmiri nayo ukiiwahisha hukimbilia kutoa maua. Kotmiri isie kidogo kidogo kila wiki tatu. Hapo utakuwa nayo mpaka Machi.

Desemba na Januari ni kuvuna na kupalilia. Sina la kuongeza.

Februari ndipo unapogeukia mboga za joto, na hapa mtu wa pwani yetu ana bahati, maana vyakula vyetu ndivyo vinavyolijua jua. Bamia, mchicha, kunde, mlenda, maboga: vyote sia katikati ya Februari vikomae kabla ya Juni. Mchicha wa huku ukimwagiliwa vizuri hukatwa baada ya wiki nne, na ukikata ukiacha vidole vinne unachipua tena mara tatu au nne. Lakini mfalme ni tembele. Chukua mche wa viazi vitamu wenye urefu wa mkono, ulaze nusu yake udongoni, mwagilia wiki moja kwa bidii, halafu ni kazi yako kuuzuia. Hutambaa na kuwa matandazo hai, na Julai, sokoni mboga za majani zikiwa zimenyauka na bei imepanda, wewe unachuma tembele la nazi.

Kisamvu kinawezekana pia, penye maji yasiyo na chumvi. Ila tafadhali, vijiti vya muhogo usivifiche kwenye sanduku ukitoka Dar au Unguja. Magonjwa ya muhogo, batobato na michirizi kahawia, husafiri ndani ya kijiti kinachoonekana kizima kabisa, mbali na kwamba sheria za karantini zipo. Wapo majirani waliokwisha kuotesha, omba kwao.

Miti ya matunda ipande Oktoba na Novemba, ipate miezi sita ya kushusha mizizi. Ukinunua mche wa ndimu, kagua vichipukizi. Ukiona kishada cha vijani vidogo vidogo vilivyopauka, vimesongamana kama ufagio wa chelewa, usiuingize nyumbani. Ni ugonjwa ulioonekana Omani miaka ya 1970 na kumaliza mindimu mingi ya Batinah. Dawa yake hakuna. Mti hukatwa na kuchomwa.

Wadudu

Adui wa nyanya ni inzi weupe. Wao wenyewe hawamalizi mmea, lakini hubeba virusi vinavyokunja majani na kuyafanya ya manjano. Mche ukishashikwa kabla ya maua, ung'oe. Funika miche kwa neti ya wadudu, yenye matundu madogo, wiki nne za mwanzo. Kantangaze, yule nondo anayewatoa jasho wakulima wa nyanya Tanzania, yuko huku vilevile: ukiona mabaka meupe kama madirisha kwenye jani, funua, utamkuta kiwavi ndani. Jani libane, litie ndani ya mfuko, lifunge na uliache juani.

Machi, hewa ikikauka, huja utitiri mwekundu na utando wake chini ya majani ya bilingani. Huyo anachukia maji. Asubuhi tatu mfululizo nyunyizia upande wa chini wa majani kwa nguvu, na mara nyingi yamekwisha. Kwa wengine, muarobaini umejaa mitaa yote ya Maskati: ponda konzi nne za majani mabichi, loweka usiku kucha katika lita 5 za maji, chuja, tia kijiko cha sabuni ya maji, nyunyiza magharibi nyuki wakiwa wamelala. Ukinyunyiza adhuhuri utababua majani, na lawama utamtupia muarobaini bure.

Kiangazi: lifanyie jua kazi

Mei, vitu vikianza kunyauka, usipambane. Bilingani na pilipili zikate hadi urefu wa sentimita 30, ziache chini ya neti na matandazo bila mbolea. Mbolea kwenye joto hili ni kumlisha mgonjwa pilau. Septemba zitachipua na kuzaa kabla ya miche mipya. Hizo, pamoja na tembele na bamia, ziache kwenye jaluba moja. Mengine matatu yasafishe.

Mwanzo wa Julai yamwagilie majaluba hayo matupu mpaka yalowe hadi chini, toa mawe, sawazisha kwa reki, kisha tandaza plastiki angavu, ile inayopitisha mwanga, iguse udongo. Nyeusi haifai kwa kazi hii. Fukia kingo zote pande nne, pasiwe na pa kupumulia. Acha wiki sita. Jua lile lile lililoniulia nyanya linauchemsha udongo, linaua minyoo fundo ya mizizini, ukungu na mbegu za magugu, bila dawa wala gharama zaidi ya plastiki. Ikipasuka, ziba siku hiyo hiyo kwa utepe wa gundi. Tundu dogo latosha kuvujisha mvuke wote.

Katikati ya Agosti fungua jioni, ukianzia upande mmoja, maana mvuke unaotoka unaunguza mikono. Usilitifue jaluba tena. Moto ulifika sentimita chache tu chini, na jembe litaleta juu mbegu za magugu ambazo hazikuguswa. Tandaza mboji kidogo juu, rudisha mipira ya matone na makuti, na uliache likingoje trei ya nyanya iliyoko chumbani.